Mbaraka Mwinshehe baada ya Morogoro Jazz

KAKA: Karibuni tena, tuko Shangani hapa Mtwara, feni tumeizima isiingie kwenye maiki. Leo dada angu kaja na Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gita wa Morogoro.

DADA: Ee kaka. Juzi nilikuwa Mikindani kwa bibi tunabangua korosho, mikono myeusi kwa yale mafuta ya ganda, redio ikapiga wimbo wake, Shida. Bibi akaacha kubangua, korosho iko mkononi, katulia tu.

KAKA: Ile ni ya Super Volcano lakini, bendi aliyoianzisha mwenyewe baadaye, watu wanachanganya sana wanasema Morogoro Jazz, bendi yake ya mwanzo.

DADA: Ndo nilikuwa nafika huko. Mbaraka kazaliwa 1944, kaingia Morogoro Jazz 1965, na ujue mji uleule kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, kwahiyo Morogoro ukipiga ovyo watu wanahamia kwa jirani, hakuna cha kubembelezana. Yeye anapiga solo, anaimba, anatunga, mwisho akawa ndo sura ya bendi, 1970 wakaenda mpaka Japani kwenye Expo kule Osaka.

KAKA: Halafu 1973 huyo, kaondoka! Hapo ndo huwa sielewi, bendi imekulea, jina unalo, unaenda kuanza moja?

DADA: Imemlea kweli, sibishi. Ila sikiliza gita kaka. Kule mwanzo, kwa sikio langu mimi, solo lina haraka, linataka watu wainuke. Super Volcano kashatulia. Ridhimu inazunguka palepale, besi inatembea taratibu, anaimba ubeti mpaka mwisho, ananyamaza, halafu gita ndo linaanza kusema, yaani kama mtu kakwambia shida zake nusu, nyingine kashindwa kuzitamka kwa mdomo. Yale hayapigwi na mtu mwenye haraka. Alihitaji bendi yake, aamue mwenyewe wimbo uende mpaka wapi.

KAKA: Hapo umenikamata aisee. Mi nilikuwa nahesabu bendi kubwa na bendi ndogo.

DADA: Na muda wenyewe ulikuwa mfupi, inaniuma mpaka leo. 1973 mpaka Januari 1979, ajali ya gari, Mombasa. Miaka 34 kaka, mtu bado anakua kimuziki.

KAKA: 34... mdogo kuliko mimi.

DADA: Mdogo. Na kumbuka enzi zile bendi za huku zinarekodi Radio Tanzania, sahani za santuri zinatengenezwa Nairobi, kila wimbo tulionao umepita safari ndefu kutufikia.

KAKA: Sasa bibi ikawaje?

DADA: Wimbo ulivyoisha akasema neno moja, "rudisha." Nikamwambia bibi redio hairudishwi. Akaniangalia tu. Basi nikafuta mikono na kanga, nikautafuta kwenye simu, nikamshikia sikioni mpaka solo likaisha.