Tusifuge Msimbo Mfu

(Mhadhara uliotolewa Kisumu kwa wanafunzi wa programu)

Hamjambo nyote. Leo nina kisa kimoja tu, cha cc0.

Kompaila ya GCC, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, ilitoka mwaka wa 1987. Kwenye prosesa nyingi za enzi hizo, amri ya kulinganisha namba mbili huacha jibu katika bendera, yaani biti za hali ndani ya prosesa, na amri ya kuruka kwenda sehemu nyingine ya programu hulisoma papo hapo. Ndani ya GCC jibu hilo likaitwa cc0, likawekewa sharti: amri hizo mbili zisitenganishwe. Ukipenyeza amri ya kujumlisha katikati, bendera zinabadilika na programu inarukia kusiko.

Sharti lenyewe dogo. Lakini kila sehemu ya kompaila inayohamisha amri ilibidi iulize kwanza: je, hii ni mashine ya cc0? Swali hilo likatanda faili baada ya faili, mithili ya gugumaji hapo ziwani. Prosesa mpya hazikuwa na haja nalo, ila anayezishughulikia alilazimika kulielewa. Hilo ndilo linaloniuma, jamani. Msimbo mzee humtoza ushuru kijana aliyejiunga na mradi jana, asiyewahi hata kuiona mashine yenyewe.

Mbona basi haukufutwa mapema? Kwa sababu ulikuwa na wenyewe. Kulikuwa na m68k, prosesa za Amiga na Macintosh za kwanza. Kulikuwa na AVR, iliyomo kwenye Arduino Uno hizo mlizo nazo mezani. Ungeng'olewa ghafla, vibao hivyo vingeachwa nyuma na kompaila mpya.

Watunzaji wa GCC wakatoa tangazo: prosesa isiyohamishwa kutoka cc0 itaondolewa kwenye kompaila. Wapenzi wa m68k wakachanga pesa, kazi ikafanyika, ikatoka na GCC 10 mwaka wa 2020. AVR nayo ikahamishwa. Mwaka wa 2021 cc0 ikafutwa.

Tangazo nalisisitiza kwa sababu yamenikuta. Katika mradi mmoja kule Nakuru nilifuta fankisheni ambayo nilitafuta nani anaiita, nikakosa. Kumbe jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye faili ya mipangilio ya mteja. Saa kumi na moja alfajiri mizani ya maziwa ikanyamaza, na wakulima wamepanga foleni na mitungi yao.

Haya, fungueni kompyuta. Tuanze na git log, amri inayoonyesha historia ya mabadiliko, tuone nani aliandika faili tunayotaka kufuta na lini, kisha tumwandikie. Kufuta tutafuta wiki ijayo.