Ikama kwanza: maisha ya mwalimu mgeni wa kike Riyadh

Haya jamani, walioko nyuma mnanisikia? Sawa. Nimeambiwa niongee kuhusu kufundisha Saudia na wengi wenu naona mmeshasaini mikataba mnasubiri viza tu, kwa hiyo habari za kutafuta kazi naziacha, ntaongelea maisha yenyewe ukishafika, manake mimi nlipokuwa naondoka kila mtu alinihadithia joto na baibui, hakuna hata mmoja aliyenitajia ikama.

Najua walimu mkisikia ikama akili inaenda kwenye idadi ya watumishi shuleni (watu wanacheka), sio hiyo. Kule ikama ni kitambulisho cha mkaazi, kina namba ya tarakimu 10 na ya mgeni inaanza na 2, ya mwenyeji inaanza na 1, na hiyo namba utaikariri kuliko tarehe yako ya kuzaliwa. Kisheria mwajiri anatakiwa akutolee ndani ya siku 90 tangu uingie nchini, unapelekwa kupima afya, unachukuliwa alama za vidole, alafu unasubiri. Na kipindi hicho cha kusubiri ndo kigumu kuliko chochote, kigumu kuliko darasa, kigumu kuliko lugha. Bila ikama benki hawakufungulii akaunti, Absher huwezi kujisajili, na Absher ndo ile apu ya serikali ambayo mambo yako yote yanapita humo, nyumba huwezi kupanga kwa jina lako. Mimi mshahara wa kwanza nlipewa mkononi kwenye bahasha nikaulaza chini ya godoro kama bibi.

Alafu kuna kutoka. Kule huamki tu ukakata tiketi, lazima uwe na viza ya kutoka na kurudi, wanaita khuruj wa awda, na hiyo inatolewa kwa namba ya ikama. Mwenzangu mmoja tulifika wiki moja, mwezi wa pili akapigiwa simu mama yake amefariki, ikama haijatoka. Alizika kwa video, amekaa kitandani kwangu, simu tumeiegesha kwenye chupa ya maji. Sisemi niwatishe, nasema kabla hujapanda ndege muulize mwajiri kwa maandishi ikama inachukua mda gani kwao, na ikitokea msiba katikati wanafanyaje. Jibu lao litakwambia mengi kuhusu hiyo shule.

Ikishatoka mambo yanafunguka haraka kweli. Zamani hata ukiwa nayo ulikuwa unamuomba mwajiri ruhusa ya kusafiri, lakini tangu Machi 2021 mfanyakazi wa sekta binafsi anaweza kujiombea mwenyewe kwenye Absher, mwajiri anapata taarifa tu. Wafanyakazi wa ndani hawakuingizwa kwenye hayo mabadiliko, kwa hiyo dada yako aliyeko kwenye nyumba za watu asikwambie unadanganya, yeye yuko chini ya utaratibu mwingine. Ndo maana angalieni viza yenu imeandikwa kazi gani. Mwalimu iandikwe mwalimu.

Sasa siku yenyewe inaendaje. Asubuhi mapema basi la shule linakuja, umevaa baibui juu ya nguo zako za kazi. Sheria saivi haikulazimishi baibui lakini shule nyingi bado zinataka na mimi naona ni rahisi, unavaa unaenda. Shule ya wasichana ina geti na mlinzi mwanaume anaishia hapohapo getini, ndani ni wanawake watupu, mkuu wa shule, walimu, wafagiaji, wote, kwa hiyo ukiingia baibui linatundikwa na utashangaa watu walivyopendeza, nywele zimetengenezwa, viatu virefu saa moja asubuhi. Mimi siku ya kwanza nilikuja kama naenda kulima. Ila tangu 2019 wanawake wanafundisha pia wavulana wadogo mpaka darasa la tatu kwenye shule za serikali, kwa hiyo unaweza kukuta nusu ya watoto wako ni vijitu vinavyokimbizana korido nzima.

Watoto watakuita abla, yani mwalimu wa kike, au miss. Na wewe mgeni usijione kituko, shule za serikali za wasichana zilianza kule 1960 na walimu wa mwanzo wengi walikuwa wanawake kutoka nchi nyingine za Kiarabu, Misri, Palestina na kwingine. Yani abla wa kigeni wamemzoea kabla mama zenu hawajazaliwa.

Lugha ndo tuna bahati sisi, kitabu, daftari, kalamu, darasa, sabuni, unasikika umesoma Kiarabu kumbe unaongea Kiswahili chako. Lakini bahati hiyohiyo inakuponza. Mimi nilikubaliana na dereva anichukue saa moja asubuhi, nikamwambia kwa kujiamini kabisa, as-saa wahda, si ndo saa moja? Nimesimama nje nimekauka, hakuja. Alikuja saa saba mchana, tena na tabasamu, manake kwao saa moja ni hiyo, na asubuhi ile ilikuwa as-saa sab'a, saa saba! Na siku vilevile, al-ithnayn maana yake ni ya pili, ukadhani Jumapili, kumbe ni Jumatatu, sisi tunaanza kuhesabu Jumamosi wao wanaanza kuhesabu Jumapili. Nlipeleka ripoti za wanafunzi siku moja kabla wakanisifu kwa bidii, nikanyamaza. Na wiki ya kazi inaanza hiyo Jumapili, mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi.

Usafiri umebadilika sana. Wanawake wanaendesha magari tangu Juni 2018, na Riyadh treni ya mjini imeanza Desemba 2024, mistari 6, kuna sehemu ya familia humo ndo mwanamke unakaa, kabla ya hapo ilikuwa teksi za kuita kwa apu, Uber na Careem, na nusu ya mshahara inaishia barabarani.

Mchana ndo mrefu. Saa nane au tisa umesharudi, nje panawaka, watu wamelala, mji unaamka usiku. Mwenye tabia ya kulala saa tatu atakuwa mpweke sana, nawaambia ukweli, mialiko ya kule inaanza saa ambayo wewe umeshavaa gauni la kulalia. Nilikataa mialiko mwaka mzima alafu nikawa nalalamika sina marafiki.

Pesa. Kodi ya mshahara hakuna ila dukani kuna VAT asilimia 15 tangu Julai 2020. Riyali 3.75 ni dola moja na haipandi haishuki. Ukitaka kuja na mtoto kumbuka kuna ada ya serikali riyali 400 kwa mwezi kwa kila mtegemezi, muulize mwajiri nani analipa. Na kiinua mgongo msikisahau, nusu mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, baada ya hapo mshahara mzima kwa kila mwaka. Wa riyali 5,000 akimaliza mikataba yake akafikisha miaka 7 anaondoka na 22,500. Ukijiuzulu kabla ya miaka 2 hupati kitu. Isipokuwa, na hii wengi hawaijui, mwanamke akiacha kazi ndani ya miezi 6 tangu afunge ndoa au miezi 3 tangu ajifungue, analipwa yote kwa hiyo miaka aliyofanya.

Dada pale dirishani, uliza. Pasipoti? Wakisema wakutunzie? Sheria inakataza mwajiri kushika pasipoti yako. Wataihitaji siku chache kwa ajili ya ikama, hiyo sawa, mpe, ila piga picha kurasa zote, muulize kwa meseji inarudi lini, na siku hiyo ikifika nenda ofisini kwake asubuhi na chai yako ukae.