Mwalimu Barbara Washburn na fungate la kwenye barafu

N: Haya karibuni tena, mi na kakaangu hapa, leo tunamkumbuka mwalimu mmoja wa Marekani, Barbara Washburn, alifariki 2014 akiwa kabakiza wiki kama sita tu atimize miaka 100.

B: Aisee! Mwalimu wa nini dada?

N: Wa kusoma. Kule Cambridge, Massachusetts, alikuwa anafundisha wale watoto ambao wenzao wanasoma chapchap, wao herufi zinawachanganya. Ila ualimu ulikuja baadaye, mwanzo alikuwa sekretari kwenye makumbusho moja Boston, na kazi yenyewe hakuitaka, aliona atakaa na mavumbi tu, sasa bosi wake Bradford bado kijana, akili yake yote iko Alaska kwenye milima, wakapendana bwana, 1940 wakaoana.

B: Fungate wapi, beach?

N: Beach! Mount Bertha, Alaska, mlima ambao hakuna mtu aliyewahi kufika juu, na bibi harusi mwenyewe si mpanda milima. Wakafika kileleni. Anarudi, kumbe ana mimba.

B: Duh.

N: Mwaka uliofuata wakaenda Mount Hayes, kule kuna mgongo wa theluji mwembamba, huku genge huku genge, wanaume wakamwambia tangulia wewe, we mwepesi, ukidondoka tutakuvuta na kamba.

B: Hahaha, yaani chambo!

N: Na akatangulia. Halafu sasa 1947, Juni 6, Denali, mlima unaoitwa pia McKinley, mita 6,190, ndo mwanamke wa kwanza kufika pale juu. Kesho yake akapanda na kilele cha kaskazini. Huku nyumbani kaacha watoto watatu wadogo.

B: Mmh, hapo mi nasita. Mama anaondoka miezi hivyo, watoto wadogo?

N: Baba je? Si alikuwa mlima huohuo? Mbona yeye humuulizi?

B: ...Haya, sina la kusema.

N: Na hata mama mwenyewe hakuondoka kirahisi, ujue. Mi ninachokipenda zaidi kwenye hiyo safari ni zile siku dhoruba imewafungia, wamejibanza kwenye nyumba ya barafu, hakuna kwenda mbele wala kurudi, unakaa tu unasubiri. Nadhani mtu aliyepitia vile hawezi kumfokea mtoto wa darasa la pili eti harakisha.

B: Kweli aisee. Mi yule aliyenifundisha kusoma angekaa humo hizo siku tu ningenusurika viboko vingi.

N: Pole kaka. Na hakutulia basi, miaka ya 70 keshavuka hamsini, yuko na mumewe Grand Canyon wanapima ramani, helikopta inawashusha juu ya majabali, wanapima, inawachukua, wanapelekwa jabali lingine, miaka na miaka, mpaka ramani ikatoka 1978.

B: Hivi Denali na mlima wetu, upi mrefu?

N: Denali. Kili mita 5,895. Si we ulipanda?

B: Nilipanda... niliishia Mandara.

N: Mandara! Hapo ni kituo cha kwanza!

B: Tumbo lilikuwa linauma.

N: Na begi ulibebewa.