Mchezo Mmoja, Mashine Mbalimbali

Mabibi na mabwana, wengi wetu tuliokusanyika hapa Ngamiani tumeifahamu michezo ya kompyuta ya miaka ya 1980 kupitia programu za kuigiza mashine za zamani, si mashine zenyewe. Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na televisheni, ambayo mashine hizo ziliitegemea, ilienea Tanzania Bara katika miaka ya 1990. Kwa hiyo watu wa Tanga hatukurithi ushabiki wa mashine hii wala ile, jambo ambalo naliona kuwa faida kwa kazi ya leo ya kulinganisha matoleo ya michezo kwenye mashine mbalimbali.

Nashikilia kwamba toleo la mchezo lipimwe kwa jinsi mtayarishaji alivyoitumia mashine aliyokuwa nayo, si kwa wingi wa rangi. Chukueni kompyuta ya ZX Spectrum ya mwaka 1982, ambayo picha yake nzima ilihifadhiwa katika baiti 6,912, na kila mraba wa pikseli (nukta za picha) nane kwa nane uliruhusiwa rangi mbili tu. Mhusika alipopita mbele ya ukuta wa rangi nyingine, rangi ziliambukizana. Waliotengeneza Knight Lore mwaka 1984 walikwepa kasoro hiyo kwa kuchora chumba kizima kwa rangi moja juu ya weusi; wapo wanaouita mchezo huo fukara wa rangi, lakini mimi nauona ni uamuzi wa fundi anayekijua chombo chake.

Commodore 64, nayo ya mwaka 1982, ilikuwa na spraiti nane, yaani vipicha vya wahusika, zilizosogezwa na chipu ya picha bila kuichora upya mandhari, pamoja na chipu ya sauti ya SID iliyobuniwa na Bob Yannes. Hata hivyo, prosesa yake, yaani chipu inayokokotoa, ilikwenda kwa takriban megahezi 1, wakati ile ya kompyuta ya BBC Micro ilifikia 2. Ndiyo maana Elite, mchezo wa vyombo vya angani ambao David Braben na Ian Bell waliutoa kwa BBC Micro mwaka 1984, huwa mzito zaidi kwenye Commodore, kwa kuwa umejaa hesabu za kuchora vyombo hivyo kwa pande tatu; lakini toleo hilo la Commodore hukupigia muziki wa Johann Strauss chombo kinapojiegesha chenyewe kituoni, na kwangu hiyo ni fidia tosha.

Penye utata zaidi ni Amstrad CPC 464 ya mwaka 1984. Ilitumia prosesa ya Z80 kama Spectrum na ilikuwa na rangi 27 za kuchagulia, ila picha yake ilichukua kwa kawaida kilobaiti 16 (baiti 16,384), hivyo prosesa ilibeba mzigo zaidi ya maradufu ya ule wa Spectrum. R-Type ya mwaka 1988, mchezo wa kupiga risasi angani, ilihamishiwa humo kutoka Spectrum, kwa rangi nne tu. Anayeilaumu mashine kwa toleo hilo amemkamata asiyehusika, kwani mwaka 2012 wapenzi wa Amstrad waliutoa mchezo huo upya, kwa CPC yenye kilobaiti 128, ukiwa na rangi nyingi zaidi.

Mtakaolinganisha wenyewe, hakikisheni kwanza kwamba programu ya kuigiza imewekwa kwenye picha 50 kwa sekunde, kama televisheni za Ulaya, kwa sababu mchezo wa Uingereza unaoendeshwa kwa 60 unaweza kukimbia kwa asilimia 20 zaidi, pamoja na muziki wake.