Mahindi ya Malawi na Programu ya Kukadiria Hasara

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu na wanafunzi wa bima,

Nimeombwa nieleze jinsi programu za kompyuta zinavyokadiria hasara zinazoletwa na vimbunga, matetemeko na ukame. Kwa kifupi, programu hutunga maelfu ya majanga yanayoweza kutokea, huyalinganisha na orodha ya mali iliyokatiwa bima, hukadiria uharibifu, kisha huupitisha uharibifu huo kwenye masharti ya mikataba ili zipatikane fedha zitakazolipwa.

Uwezo wake ulionekana Florida tarehe 24 Agosti 1992. Saa chache baada ya kimbunga Andrew kuingia nchi kavu, kampuni ya Karen Clark ya kutengeneza programu za aina hii, iliyoanzishwa Boston mwaka 1987, iliwatumia wateja wake makadirio kwa faksi kwamba hasara ya bima ingeweza kuzidi dola bilioni 13. Wengi hawakuamini. Hesabu za mwisho zilifika takriban dola bilioni 15.5, na kampuni za bima zipatazo 11 zikafilisika.

Ningependa, hata hivyo, tukae zaidi Malawi, kwa kuwa huko ndiko tunakoiona hatari ambayo kwetu ni kubwa zaidi, yaani ukame. African Risk Capacity, taasisi ya Umoja wa Afrika ambayo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kukata bima yake mwaka 2014, hutumia programu iitwayo Africa RiskView. Programu hiyo huchukua takwimu za mvua kutoka kwenye setilaiti, huzipima na maji yanayohitajiwa na zao tangu kupandwa hadi kukomaa, kisha hukadiria ni watu wangapi watakaohitaji msaada na kwa gharama gani.

Malawi ilikata bima ya msimu wa 2015/16. Ukame ukaja, na mwezi Aprili 2016 serikali ikatangaza hali ya maafa, huku watu zaidi ya milioni sita wakihitaji chakula. Programu ilisema walioathirika ni kama elfu ishirini tu, kwa hiyo hapakuwa na fidia. Uchunguzi ulipofanyika, ilibainika kwamba programu iliwekewa mahindi yanayochukua siku nyingi kukomaa, ilhali wakulima wengi walikuwa wamepanda mbegu za muda mfupi. Kalenda ya kompyuta na kalenda ya shamba zilikuwa mbili tofauti, na ukavu hauliumizi zao kwa kiwango kilekile katika kila hatua ya ukuaji wake. Mpangilio uliporekebishwa, Malawi ilikubaliwa malipo ya takriban dola milioni 8.1, yaliyotangazwa Novemba 2016, miezi mingi baada ya ghala za wakulima kukauka.

Naomba mlitazame kosa hilo kwa karibu. Halikuwa katika hisabati, bali katika kipengele kimoja cha mpangilio, ambacho bwana shamba yeyote wa wilaya angekisahihisha kwa dakika chache kama angeulizwa. Mtakaofanya kazi serikalini au kwa msimamizi wa bima, daini kila kipengele cha namna hiyo kichapishwe kwa lugha inayosomeka na kipelekwe kwa mabwana shamba kabla ada ya bima haijalipwa, kwa sababu kubadilisha aina ya zao hubadilisha pia bei ya bima yenyewe, na baada ya mkataba kutiwa saini, marekebisho huwa ni jambo la kuombwa, si haki ya mkata bima.