Mwanya au Pengo? Yule Mzee wa Embankment

MASHAKA: Haya jamani tumerudi. Wiki iliyopita hatukuwepo, sababu mnaijua, dada yenu alikuwa Uingereza kwenye harusi ya binamu yake na mimi peke yangu humu sikai kuongea na ukuta. Karibu nyumbani Rukia.

RUKIA: Asante kaka. Nimetua juzi, usingizi bado unakuja saa zake za kule.

MASHAKA: Leo tumepanga sauti za matangazo ya steshenini, na Rukia kaja na karatasi kabisa, mambo matatu, zinavyorekodiwa, zinavyoungwa, zinavyolipwa. Lakini anza na kile ulichonipigia simu usiku ule, maana nilivyokusikia unalia nikajua kuna msiba.

RUKIA: Msiba ulikuwepo, ila wa mwaka 2007.

MASHAKA: Haya, hebu waeleze na wenzetu.

RUKIA: Niko Embankment, zile treni za chini ya ardhi za London, laini ya Northern, upande wa kwenda kaskazini. Sasa pale reli imepinda hasa, kwa sababu ilipofika mwaka 1914 ndo palikuwa mwisho wa laini, treni inazunguka pale kwenye kitanzi inarudi ilikotoka. Mwaka 1926 wakaisogeza mbele kusini lakini ile kona ikabaki. Jukwaa limepinda, behewa limenyooka, haviwezi kushikana, unabaki uwazi ambao mguu wa mtoto unazama wote. Kwa hiyo treni ikisimama kuna sauti inaonya, maneno matatu tu, mind the gap, yaani angalieni ule uwazi. Sauti ya mzee, nzito, haina haraka, na lile neno la mwisho analikata kama mtu anafunga mlango.

MASHAKA: Na huyo mzee ni nani?

RUKIA: Oswald Laurence, alikuwa mwigizaji. Alifariki 2007. Mkewe, Margaret McCollum, daktari, akawa anaenda pale anakaa, treni inakuja inaondoka yeye hapandi, anasubiri nyingine ije ili amsikie tena mumewe. Miaka mitano hivyo! Novemba 2012 anafika, sauti siyo. Wamefunga mfumo mpya na mtu mwingine ndo anaongea. Akawaomba wampe angalau nakala. Wakaitafuta wakampa kwenye CD, afu 2013 wakafanya kitu ambacho mi nikikifikiria mpaka leo, wakamrudisha mzee pale Embankment, kwenye jukwaa lile moja.

MASHAKA: Na we ukaenda kumsikiliza.

RUKIA: Nikakaa kwenye benchi, treni tatu zimepita. Kulikuwa na kijana ana baiskeli ya kukunja, mzee kasema maneno yake, kijana hata macho hajainua kwenye simu, kainua tairi kavuka. Na mi machozi yananitoka, nikakupigia.

MASHAKA: Hapo kwenye uwazi, nisaidie. Kwa Kiswahili tangazo lingesemaje? Maana toka usiku ule nahangaika na hilo tu.

RUKIA: Mashaka, karatasi.

MASHAKA: Karatasi ipo. Sikiliza, "angalia mwanya". Fupi, linatamkika, maneno mawili, hata mzee Laurence angelipenda.

RUKIA: Angalia mwanya! Watu wataanza kuangaliana meno pale jukwaani.

MASHAKA: Si ndo vizuri? Mwanya ni urembo. Mtu kachelewa kazini, kanuna, anaambiwa angalia mwanya, anageuka anakutana na tabasamu. Wasikilizaji wanaokujua wanajua ninachosema.

RUKIA: Mwanya wangu uache. Na hilo ndo tatizo lako kaka, mwanya unapendeza, ile kitu pale chini haipendezi, inavunja mguu. Mi nasema "tahadhari, pengo".

MASHAKA: Pengo ni jino limeng'oka!

RUKIA: Ndo maana yake. Kilitakiwa kuwepo kitu na hakipo.

MASHAKA: Fundi wetu hapa nje ya kioo anacheka, yeye pengo analo, alipigwa kiwiko cha mpira Temeke. Fundi, ukisikia "tahadhari, pengo" si utajua unatajwa wewe? Anakubali kwa kichwa. Kura moja ya mwanya.

RUKIA: Fundi hapigi kura. Na kondakta wa daladala anasemaje? Hasemi mwanya wala pengo, anasema "shuka na mguu wa kushoto mama". Yule anakuona, kakuona una mtoto, kakuona umevaa baibui, anakwambia wewe. Rekodi haikuoni, inamwambia kila mtu, ndo maana neno lazima liwe na uzito.

MASHAKA: Lakini rekodi nayo inazoeleka mpaka inageuka neno. Ile ya mteja unayempigia hapatikani kwa sasa, wenzetu Kenya si wanasema simu iko mteja? Dada wa watu karekodi sentensi moja, nchi nzima imeichukua kuwa msamiati. Sasa ukiweka pengo, kesho mtu akidondoka kituoni watasema kala pengo.

RUKIA: Bora kala pengo kuliko kala mwanya.

MASHAKA: Ufa je?

RUKIA: Ufa unazibwa, methali inajulikana. Ule wa Embankment ni kona, hauzibiki.

MASHAKA: Hauzibiki, kwa hiyo ni...

RUKIA: Malizia.

MASHAKA: Simalizii.

RUKIA: Pengo. "Ameacha pengo lisilozibika." Msiba gani umewahi kwenda hilo halijasemwa? Ndo kilichoniliza pale kwenye benchi kaka. Yule mama anakaa anasikiliza mumewe anasema angalieni pengo, na pengo lenyewe ni yeye mzee. Kwa Kiswahili hilo unalisikia hapohapo.

MASHAKA: ...Hapo umenipiga. Lakini mwanya sijauacha.

RUKIA: Usiuache.

MASHAKA: Na kuna jingine nataka niseme, usinikate. Mi hiyo ya kuirudisha sauti steshenini sikubaliani nayo. CD sawa, ni haki yake, mpeni hata nakala kumi. Lakini marehemu umtoe kwenye spika.

RUKIA: Kwa nini?

MASHAKA: Wewe unajua kwa nini. Kwenye arobaini ya mzee wangu, mdogo wangu kashika simu anatafuta picha za kuonyesha wageni, kidole kikagusa voisi. Sauti ya baba ikajaa sebuleni, anauliza mmenunua mkaa? Mkaa tu, hakuna kingine. Mama alikuwa na sinia la vikombe, akaliweka chini taratibu, akatoka nje, hakurudi mpaka watu wameondoka. Mi zile voisi ninazo mpaka leo kumi na moja, sijafungua hata moja. Sauti ya marehemu mtu aifuate mwenyewe akiwa tayari, isimvamie.

RUKIA: Pole kaka. Lakini yule mama hakuvamiwa. Alikuwa anaifuata.

MASHAKA: Yeye ndiyo. Ndugu zake mzee je, rafiki zake, waliigiza naye, mtu anapita pale kwenda hospitali anakutana naye? Nani kawauliza? Stesheni ni ya watu wote.

RUKIA: Ndo uzuri wake. Elfu wanapita hawajui chochote, kwao ni onyo tu, miguu yao inapona. Mmoja anajua, anaondoka amemsikia mtu wake. Hakuna aliyenyang'anywa kitu.

MASHAKA: Amenyang'anywa mzee mwenyewe! Alirekodi kazi akaondoka, hakusema nikifa endeleeni. Sauti ni kama mkono wa mtu. Si mmeona Scotland 2025, mtangazaji Gayanne Potter analalamika hadharani kwamba sauti ya kompyuta ya treni za ScotRail, waliyoiita Iona, imetengenezwa kutokana na rekodi zake za 2021, na yeye anasema hakujua itafika huko. Na huyo yuko hai, anajisemea. Maiti atajisemea wapi?

RUKIA: Usichanganye. Iona ilikuwa inasema maneno ambayo yule dada hajawahi kuyatamka maishani. Mzee Laurence alisema mind the gap, anasikika akisema mind the gap. Hakuna neno wamemwekea mdomoni.

MASHAKA: Ruhusa ni ileile.

RUKIA: Siyo ileile! Na mtu wa kumsemea yupo, mkewe. Nani mwingine unamtaka?

MASHAKA: Mi namtaka yeye.

RUKIA: Basi hapo tutakaa mpaka kesho. Kuna Phil Sayer, stesheni kibao za Uingereza ni sauti yake, alifariki Aprili 2016, na mkewe Elinor Hamilton naye ni sauti ya matangazo hayohayo ya reli. Mke na mume wanasikika kwenye reli zilezile. Ungemwambia nini huyo mama, nimtoe mumeo wewe ubaki?

MASHAKA: Ningemuuliza kwanza.

RUKIA: Na akisema abaki?

MASHAKA: Ningehuzunika, lakini msimamo wangu usingebadilika.

RUKIA: Wala wangu.

MASHAKA: Fundi anaonyesha vidole viwili. Dakika mbili! Rukia, karatasi, hatujagusa hata moja. Simone Hérault, sauti ya reli za Ufaransa toka 1981, umeandika vipande, namba, majina ya stesheni...

RUKIA: Hiyo ya kuunga vipande haiingii kwenye dakika mbili, acha.

MASHAKA: Na hii ya Peter Lodge, fundi mitambo, 1968? Mwigizaji alitaka alipwe kila mind the gap yake ikipigwa, wakatumia sauti ya fundi ya kujaribia mashine. Hii ndo ya malipo, mi nilikuwa nalisubiri hili, yule mwigizaji alikuwa na haki!

RUKIA: Wiki ijayo. Mi nilikuwa na kitu kimoja tu, nilimrekodi mzee kwenye simu. Naipiga tufunge nayo.

MASHAKA: Usiipige.

RUKIA: Sekunde nne.

MASHAKA: Wanaosikiliza hawajaulizwa.

RUKIA: Nawauliza sasa. Wapendwa, nahesabu mpaka tatu, asiye tayari atoe spika sikioni, hatutamhukumu. Moja, mbili...

MASHAKA: Mi navua hedifoni.

RUKIA: Vua kaka. Tatu.

[Kelele za breki. Milango. Sauti ya mwanamume: "Mind the gap."]

MASHAKA: Imeisha?

RUKIA: Imeisha. Vaa.