Sahihi Haiuzwi Kongowea

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Mwenyekiti amenipa dakika 20 niwaeleze nyinyi mafundi wa hapa Mombasa namna ya kupata leseni ya ukandarasi wa umeme. Mlionisikia Likoni na Changamwe mnajua nitaanzia wapi. Vumilieni.

Niliitwa nyumba moja Kisauni. Mama wa pale kila akishika friji akiwa pekupeku, mkono unamtekenya. Mumewe alishaleta mtu wa kusoma. Akasoma siku tatu, friji haikusilimu. (Kicheko.) Mnacheka, lakini jini mwenyewe nilimkuta nje, chini ya mita. Nilishika fimbo ya ardhi, ile ya kupeleka umeme unaovuja udongoni, kwa vidole viwili ikatoka kama karoti. Shubiri moja! Chini yake alama za msumeno. Fimbo ya futi 4, fundi kagonga, kakutana na mwamba wa matumbawe, jua la saa saba linamuwakia kichwani. Akaikata, akachomeka kilichobaki, akafukia mchanga.

Nikaomba karatasi ya kuthibitisha kazi imekamilika. Imejazwa kwa mwandiko mzuri: ardhi sawa, vipimo sawa, na sahihi ya mkandarasi mwenye leseni. Nikampigia simu. Akaniuliza, "Kisauni ipi hiyo, mzee?" Hakuwahi kufika. Alitia sahihi mkahawani, chai yake ikiwa mezani, akapokea chake.

Sasa kuna kijana pale nyuma anatikisa kichwa, najua anachosema: fyuzi si ipo? Haya, tupige hesabu. Mwamba ule ukikupa ukinzani wa omu 100, volti 240 gawanya kwa 100, ni ampia 2.4. Fyuzi ya ampia 30 itaungua lini? Waya wa moto ukigusa bodi ya chuma ya friji, itakaa na umeme wake mpaka mtu aje kuishika. Kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha miliampia 30, kingemwokoa yule mama. Hakikuwekwa. Na mwamba ukikataa fimbo moja, chimba mtaro, tafuta udongo, zika fimbo mbili tatu uziunge, kisha upime. Pima! Usikisie kama mpishi anayeonja chumvi.

Mtaniambia, "Mzee, ujuzi tunao, karatasi ya nini? Tunakodi sahihi, Kenya Power wanaleta mita, mteja anawasha taa." Sawa. Unavuta waya wiki nzima juu ya dari, unashuka na vumbi mpaka kwenye kope, halafu mwenye leseni anachukua fungu lake kwa kuandika jina. Miaka mitano baadaye unakwenda EPRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti kawi na kutoa leseni, kuhojiwa. Unaulizwa, umefanya kazi wapi? Utataja nyumba ambazo karatasi zake zote zina jina la mtu mwingine. Umemjengea yeye historia, wewe umebaki na koleo. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata ile fimbo.

Nanyi wenye leseni mliokaa mbele, msijifanye kuangalia simu. Nyumba ikiungua, kitakachosomwa ni jina lako.

Haya, utaratibu, maana saa inakwenda. Kuna vitu viwili na vijana mnavichanganya kila mwaka. Cheti cha fundi ni chako wewe, kinafuata kichwa chako. Leseni ya ukandarasi ni ya biashara, na biashara haipati leseni bila fundi mwenye cheti cha daraja linalofaa. Vyote vinatoka EPRA, chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, na maombi ni ya mtandaoni, kwa hiyo usiniambie nauli ya Nairobi imekushinda. Madaraja ni A1, A2, B, C1 na C2. C2 ndiyo ya chini, nyumba za kawaida za fezi moja. Anzia hapo, hakuna aibu. Naona watu wanaota A1 na hawajui kushika mita ya mega, ile ya kupima kama waya unavuja.

Aliyejifunza mtaani bila kukaa darasani aende NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, akafanye mtihani wa ufundi, asione haya. Mimi mwenyewe nilikaa chumba kimoja na watoto wa rika la wajukuu zangu. Ya kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na ya kodi... Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, hayo mumuulize katibu, ana fomu.

Lakini mita ya kupimia ardhi ninayo humu mkobani, na fimbo nzima iko garini. Nyuma ya ukumbi huu ni mwamba mtupu. Anayetaka aje baada ya alasiri tukaigonge, na nyundo aje nayo mwenyewe.